Elki wa Msitu wa Wote

Kituo cha kuuguza wazee, Grand Junction, Colorado
16 Oktoba 1996

Mwanangu Denis,

Nimepata nafuu ya kutosha kugombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nyonga inauma asubuhi na inauma jioni, na katikati inapumzika kidogo ili ipate nguvu ya kuuma tena. Binti wa mazoezi ananitembeza ukumbini na kigari cha kuegemea kama mtoto anayejifunza kusimama, halafu ananipigia makofi. Nimemwambia akirudia nitamrushia kiatu. Alicheka tu. Vijana wa siku hizi hawatishiki.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Najua hujawahi kuua kitu kikubwa kuliko panya wa gereji. Joyce wangu alikubali kuolewa na wewe hivyo hivyo, nami nikafunga mdomo. Lakini tangu nizaliwe, nyumba yetu haijawahi kuingia majira ya baridi bila nyama ya elki, yule paa mkubwa wa milimani, kwenye friza, na mwaka huu mwindaji wa nyumba, yaani mimi, ameanguka kwenye ngazi za kanisa mbele ya mchungaji mwenyewe. Amebaki mkwe. Ndiyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi, nenda ukajaribu.

Bunduki ya marehemu mume wangu iko kabatini nyuma ya makoti. Miaka ya karibuni nilikuwa nawinda kwenye shamba la Orville, lakini Orville amefariki, wanawe wameuza, na tajiri aliyelinunua ametia kufuli getini. Kwa hiyo tunarudi kwenye msitu wa wote kama zamani. Piga hema Bonde la Tanner, pale barabara ya msitu inapoishia, kwenye maegesho. Panda kabla hakujapambazuka mpaka uwanda wa juu, ukae kwenye kisiki changu. Utakijua, kimekaa kama kiti. Kibali chako ni cha dume tu, na dume lenyewe liwe na ncha nne za pembe kwa upande mmoja. Hesabu kabla ya kufyatua. Ukishafyatua, hesabu haisaidii.

Usinipigie simu. Kwenye simu ya hapa masikio yangu yanasikia nyuki tu. Barua mpe Faye dukani, gari la posta linapita kwake kila siku isipokuwa Jumapili.

Daktari anasema naweza kurudi nyumbani kabla ya sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, ila lazima awepo mtu wa kukaa nami. Hilo tutaliongea baadaye. Nisingependa kukulemea.

Mama mkwe wako,
Verna Pruett


Tanner, jioni
19 Oktoba 1996

Mama, shikamoo.

Nimefika salama, sijapotea, na nimevaa soksi mbili mbili kama ulivyoagiza. Faye anakusalimu sana. Anasema duka bila wewe limepoa, hakuna wa kumwambia kahawa yake ni maji ya kuoshea vyombo.

Mama, ni lini mara ya mwisho ulikuja hapa siku ya kufungua msimu? Nilipofika Ijumaa sikupata pa kuegesha. Pikapu zimejipanga kutoka chooni hadi darajani, nambari za majimbo ambayo mimi nayajua kwenye ramani tu. Leo alfajiri nilipotoka hemani nikidhani nimewahi, nilikuta mstari wa taa za kichwani unapanda mlima, kama watu wanaokwenda kwenye mkesha. Nikaunga foleni. Ndiyo, Mama, foleni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa anakoroma huku anatembea.

Kisiki chako nilikipata. Bwana mmoja alikuwa amekikalia, anakula biskuti. Akanipungia mkono kwa adabu. Nikaenda kukaa chini ya msonobari, na nyuma ya msonobari kulikuwa na mwingine.

Jua lilipochomoza, mtu akapiga risasi bondeni, na wa pili, na wa tatu. Ndipo nikawaona. Kundi zima la elki lilitoka mitini likakata uwanda, madume kwa majike, wanyama wazito kama farasi, lakini hata jani sikusikia likivunjika. Hawakuwa na haraka. Walikwenda moja kwa moja mpaka ua wa shamba la Orville wakaruka mmoja mmoja, hata ndama. Walipofika upande wa pili wakainamisha vichwa wakaanza kula. Sisi tulijipanga kwenye waya na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa, watu wazima na bunduki zao, tunawatazama. Nao wakatutazama. Mama, walikuwa wanatafuna.

Mzee mmoja kando yangu akasema, "Wanajua mpaka kuliko wakili." Mwingine akamjibu, "Wakili gani? Hao ndio wenye shamba!"

Sitakata tamaa. Nataka ule nyama ya mlima wako mwaka huu. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Denis Hatala


Grand Junction
21 Oktoba 1996

Denis mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa mwindaji zamani. Alicheka mpaka muuguzi akaja na dawa.

Kwa hiyo msitu wa wote sasa umekuwa soko. Penye wengi pana mengi, na biskuti zikiwemo. Usigombane na mtu kuhusu kisiki. Si wote waliovuka ua, mwanangu. Kuna madume wazee wasiopenda kundi, hao hujichimbia kwenye misonobari mizito. Kwenye mfuko wa kulia wa koti langu la uwindaji ulilobeba mna filimbi ndogo ya mpira. Ingia mitini, kaa, ulie kama jike aliyeachwa na wenzake. Lia kidogo, nyamaza sana. Ukimsikia dume anajibu, usimkimbilie. Jike mwenye heshima zake hakimbilii.

Jambo jingine. Kaka yako Stefan alipiga simu hapa akikutafuta. Muuguzi ndiye aliyeongea naye akaniandikia. Anasema nafasi kwenye karakana yake huko Youngstown, Ohio, bado inakungoja na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Hukuniambia habari hiyo. Wala sikuulizi, wewe ni mtu mzima na yule ni ndugu yako wa tumbo moja.

Nimewaza pia kwamba bunduki hiyo ibaki kwako moja kwa moja. Hata Ohio kuna paa.

Vaa kofia.

Verna


Tanner
23 Oktoba 1996

Mama, shikamoo.

Leo nimepata mchumba. Keti vizuri nikusimulie.

Niliingia kwenye misonobari ya upande wa kaskazini, mbali na kila mtu, nikakaa nikalia na ile filimbi. Mara ya kwanza nilitoa sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Mara ya pili ikawa afadhali. Nikanyamaza sana kama ulivyosema. Mara dume likajibu kutoka ng'ambo ya kijito! Lilianza chini likapanda juu kama tarumbeta, likamalizia na mikoromo. Nikalia tena, nalo likajibu karibu zaidi. Nikakumbuka maneno yako kuhusu heshima, nikajisogeza nyuma kidogo, nikalia kwa huzuni. Likafuata. Nikazunguka kilima, likazunguka nalo. Mama, tulitembea hivyo asubuhi nzima, mimi naringa, lenyewe linabembeleza. Nikasikia kijiti kinavunjika nyuma ya kichaka. Ndipo nikaona kizibao cha rangi ya chungwa.

"Usipige! Usipige, mimi ni binadamu!" sauti ikatoka kichakani.

"Mimi pia!" nikasema.

Akauliza, "Basi jike liko wapi?"

"Jike ni mimi."

Akatoka mtu mnene, ndevu zimejaa majani, bomba la kuigia mlio wa dume linaning'inia shingoni. Akaketi chini kabisa, kwenye theluji. "Ee Mungu," akasema, "nimekufuata tangu alfajiri. Nimepoteza na kofia." Kisha akanitazama kwa uchungu akaongeza, "Lakini umejua kulia wewe. Mke wangu hajawahi kuniita hivyo."

Anaitwa Lonnie Buckner, anatoka Lubbock, Texas. Tumekula soseji yake na kahawa yangu. Amekuja peke yake kwa sababu rafiki aliyekuwa akija naye miaka yote sasa hatembei. Kambi yake iko karibu na yangu, na jioni anakuja kupasha miguu kwenye jiko langu.

Habari ya Stefan usiitie moyoni. Tutaongea nikishuka. Na bunduki ni yako, nimeiazima tu.

Mwanao,
Denis


Grand Junction
25 Oktoba 1996

Denis,

Umenifurahisha. Ukumbi mzima unajua kwamba mkwe wangu ameposwa na Mtexas. Wananiuliza mahari ni nini. Nimesema kofia, na imeshapotea.

Sasa acha filimbi. Nilikosea mimi. Nilikuagiza vitu vya zamani, vya msitu ambao ndani yake ni sisi tu tuliokuwa tukilia. Mnyama aliyeitwa na kila mtu hajibu mtu. Akisikia jike analia anajua ni bwana wa biskuti. Lakini usidhani hayupo. Yupo, amenyamaza tu. Na mahali alipo ni pale ambapo wote mnapapita bila kupatazama kwa sababu mna haraka ya kufika mbali. Watu wa mjini hudhani kitu kizuri lazima kiwe mbali. Ningekuwa na miguu yangu, ningewaacha wote wapande na taa zao, nikakaa hapo hapo chini nikatazama wanachokiacha nyuma. Tafuta kinyesi kibichi karibu na barabara. Ukikiona, kaa kimya.

Nikirudi kwenye mzaha wako, mzaha wenyewe umenikalia usiku wote. Wewe bado kijana. Joyce ametimiza miaka miwili kaburini, na siku moja utampata mtu, awe na ndevu au asiwe nazo. Hilo nakuombea kwa kweli. Ila nikiwa hapa kitandani huwa najiuliza, mtu akisema Denis ni nani wako, nitajibuje? Mkwe anakuja kwa njia ya mtoto, na mtoto mwenyewe hayupo. Watu husema damu nzito kuliko maji. Stefan ni damu. Mimi kwako ni maji, mwanangu, hata kama nakuita mwanangu.

Usijibu hili. Tafuta kinyesi.

Verna


Nyumbani, Sayer
28 Oktoba 1996

Mama,

Leo sisalimii kwanza, unisamehe.

Jana jioni nilishuka nyumbani kuoga na kuchukua mkate. Kwenye majani mbele ya baraza nimekuta bango. Nyumba inauzwa. Nilisimama kando ya gari taa zinawaka nikalisoma kama mtu asiyejua kusoma. Nilimpigia wakala, akasema ulimwandikia mwenyewe wiki iliyopita. Anasema utabaki huko kituoni daima na kwamba mkweo anahamia Ohio. Nimezisikia habari zangu kwa wakala wa nyumba!

Nimeling'oa. Liko hapa jikoni, nimelilaza mezani.

Ngoja nikuambie ukweli kwa kuwa wewe umenificha na mimi nimekuficha. Stefan aliniandikia tangu mwezi wa sita. Nilitaka kwenda. Kiangazi kile nilitaka sana, kwa sababu kila nikipanda ngazi za juu naona koti la Joyce kwenye ndoano na siwezi kuliondoa wala kulipita. Sikukuambia kwa kuwa niliogopa utasema nenda. Ningejua kwamba hapa hakuna anayenihitaji, nami ningeondoka kweli. Ukaja ukaanguka, na ile siku hospitalini ulipozinduka uliniuliza kama nimekula. Nyonga imevunjika, unaniuliza kama nimekula! Tangu hapo karakana sikuiwaza tena, ila sikujua nikuambieje bila wewe kudhani ni huruma.

Unasema damu nzito kuliko maji. Sawa. Lakini sijaona mtu mwenye kiu anaomba damu.

Wiki ile ya mwisho ya Joyce, ulipokuwa ukimwosha, nani alishika beseni? Tulimwosha wote wawili, wewe unamwimbia, mimi naogopa maji yasipoe. Stefan ni ndugu yangu nampenda, lakini hakuwa chumbani. Wewe ulikuwemo. Ukiulizwa mimi ni nani wako, waambie hivyo.

Kama kweli unataka kubaki huko kwa sababu kuna wenzako wa kucheka nao, nitanyamaza, na Jumapili zote nitakuja. Lakini kama unabaki ili mimi nipate kuondoka, basi umenihesabia vibaya. Nijibu moja kati ya hayo mawili. Barua nitaikuta kwa Faye, narudi mlimani leo.

Denis


Grand Junction
29 Oktoba 1996

Mwanangu,

Ulipoandika beseni nililia mbele ya binti wa mazoezi, naye akakosa la kupigia makofi. Akaketi nami mpaka nikatulia. Si mtoto mbaya.

Najibu. Ni la pili. Nilitaka upate kuondoka. Nilikuwa nikikuona jioni umekaa na kahawa yako imepoa, nikajisemea huyu kijana ananikalia mimi kama mlinzi wa kaburi. Nikajua nisipokata kamba mwenyewe hutaikata. Kwenye chakula cha hapa hakuna chumvi, wenzangu wanalala saa moja, na jirani yangu mwindaji husimulia elki mmoja huyo huyo kila siku na kila siku pembe zake zinaongezeka. Kubaki hapa sipendi hata kidogo. Nataka jiko langu. Nataka kukusikia unashuka ngazi asubuhi na buti zako za kelele ambazo nimekukataza.

Lakini nakuogopea. Mimi ni mzee na sitarudi kuwa kijana. Utanipikia, utanishika mkono kwenda chooni, na siku moja utanizika, na utakuwa umezika wanawake wawili wa nyumba hii. Fikiri tena kwa ajili yako, usifikiri kwa ajili yangu. Ukishafikiri, lolote utakaloamua nitalipokea bila kununa. Kununa kwenyewe unakujua.

Wakala nimemwandikia asubuhi hii asimamishe kila kitu.

Je, ulitafuta kinyesi?

Verna


Tanner
31 Oktoba 1996

Mama, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu iwe akiba.

Nimefikiri. Nilifikiri nikiwa nyuma ya choo, na sababu utaiona.

Juzi niliporudi mlimani nilifanya kama ulivyosema, nikatazama kile tunachokiacha nyuma. Unakumbuka choo cha mbao cha maegesho. Nyuma yake ardhi inashuka ghafla kwenye misonobari iliyosongamana hadi kijitoni, na hakuna anayekwenda huko kwa sababu ya harufu. Nilishuka nikakikuta kinyesi bado kinatoa moshi. Na alama za kwato kubwa, zinakwenda na kurudi, hatua chache tu kutoka pale tunapopanga foleni kila alfajiri na taa zetu. Mama, amekuwa akitusikiliza tunapiga mswaki.

Nilimwambia Lonnie. Alifunga macho akasema, "Nimepanda ule mlima na magoti haya, na yeye yuko chooni?" Nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa kwa jina la mkewe.

Leo alfajiri nilijifunika hemani nikangoja. Taa zote zikapanda mlimani. Zilipoisha nikashuka taratibu, nikajiweka mgongo kwenye shina, mbali na barabara kama sheria inavyotaka, mbele yangu kijito na ukingo wa udongo wa kupokea risasi. Filimbi niliiacha hemani. Nilikaa, baridi ikaingia miguuni, nikakuwaza wewe. Nikajiuliza swali lako kwa ajili yangu mwenyewe kama ulivyoniamuru. Nikaona kwamba siku hii ikiisha, nikipata au nikikosa, mtu ninayetaka kumsimulia ni wewe. Nilitafuta mwingine kichwani, sikumpata. Nikaona hilo ni jibu.

Alitoka bila sauti. Kwanza niliona mti unasogea, kumbe ni mguu. Akanywa maji kijitoni, ubavu wote kwangu. Upande wa kushoto nikahesabu ncha tatu, nikahesabu tena, tatu. Kidole nikakitoa. Nilikuwa nimeshamwacha aende zake, Mama, nakuapia. Kisha akanyanyua kichwa akakigeuza kusikiliza mlango wa choo uliofungwa huko juu, nikaona upande wa kulia. Nne. Nilihesabu mara nyingine kwa midomo, kama mtoto darasani. Ndipo nikafyatua. Alitembea kidogo, akalala. Nilikwenda nikapiga magoti, nikamshika shingoni, alikuwa wa moto. Nililia kwa sauti. Lonnie alishuka akanikuta hivyo, akavua kofia yake mpya, akangoja nimalize.

Kama si yeye, ningekuwa bado huko. Tumemkata elki vipande, tumebeba mpaka pikapu, naye akiniambia wapi pa kupitisha kisu. Watu walipokuwa wanashuka kutoka juu mikono mitupu, wakatukuta. Bwana wa biskuti akauliza, "Umempatia wapi?" Lonnie akajibu kabla yangu, "Mbali sana, bwana. Mbali mno." Nimempa mguu mmoja wa nyuma na nusu ya mnofu wa mgongoni. Alikataa mpaka nikamwambia ni mahari.

Nyama ya kambini tumeikatia juu ya bango la wakala, nilikuja nalo kutoka nyumbani. Ni ubao mzuri, laini.

Barua yako niliisoma jana kwa Faye nimesimama, na leo nimerudi dukani kwake nikampigia Stefan. Nilimwambia siji. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina mama anayeningoja na moyo wa elki unaharibika. Kwa hiyo kesho naja Grand Junction na moyo kwenye barafu, siagi na vitunguu. Nimeshaongea na muuguzi, atatupa jiko la wafanyakazi. Kwenu mkubwa wa nyumba ndiye anayekula kipande cha kwanza, Joyce alinifundisha. Mwalike na yule binti wa mazoezi. Safari hii akipiga makofi mwache.

Kuzika usinizungumzie. Hayo tutayaona yakija.

Mwanao,
Denis


Sayer, Colorado
17 Novemba 1996

Mpendwa Stefan,

Hunijui ila kwa kusikia, na nadhani unanichukia kidogo. Una haki. Ulikuwa unamngoja ndugu yako, na mama mkwe mzee asiye na miguu amekunyang'anya. Nakuandikia ujue kwamba nilijaribu kumrudisha kwenu. Niliitangaza nyumba kuuzwa ili aondoke. Aling'oa bango akakatia nyama juu yake. Sasa wewe uniambie, kwenu alikuwa mbishi hivi tangu mtoto, au ni sisi tuliomharibu?

Nimerudi nyumbani tangu wiki jana. Amekishusha kitanda changu chini, karibu na jiko, na amegongelea vishikio kila ukuta, nyumba imekuwa kama basi. Koti la marehemu mke wake amelitoa kwenye ndoano yeye mwenyewe, hakuniita. Alilileta akaniwekea miguuni kwa sababu nilisema nasikia baridi. Jioni anapika elki na pilipili nyekundu kama marehemu mama yenu alivyokuwa akipika, na anasema haijafikia ya kwake. Mimi naona inatosha kabisa. Tunakula, tunagombana kuhusu buti, tunalala.

Ndani ya kifurushi hiki mna nyama iliyokaushwa kwa moshi, ya bega. Ile ni bora kuliko ya mguu, usimwambie ndugu yako. Kiangazi uje na familia yako, chumba cha juu kiko wazi. Simwombi ndugu yako kuchagua kati yetu, na wewe usimwombe.

Nina haja moja kwako, na haja hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Kwenye ukuta wa sebule nina picha ya Joyce wa miaka sita, amevaa kofia ya baba yake, meno ya mbele hayapo. Kila mwanamke wa mtaa huu ana picha ya aina hiyo ya kila mtoto wake. Denis nilimpata akiwa tayari ana ndevu. Sijui alikuwaje mdogo. Sijui kama alikuwa mnene au kama alikuwa mwoga wa picha. Tafuta kwenye vitu vya mama yenu, uniletee moja, hata ikiwa imechanika. Mahali nimeshapachagua, kando ya Joyce, na msumari nimeugonga leo asubuhi mwenyewe, nimeegemea kigari.

Wako,
Verna Pruett